Bei ya Kuona Kwanza

Waswahili husema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi, na kila mara watoto walicheka kwa sababu ya kile kidonda. Hawakujua kwamba ndani yake mna biashara kubwa. Kitu kipya kina utamu wake, na penye utamu hapakosi muuzaji. Katika insha hii nataka kuzungumza nawe, msomaji wangu, juu ya upya wa aina moja tu. Ni upya wa filamu, na fedha za ziada ambazo watu hulipa ili waione nyumbani kwao wakati bado inaonyeshwa katika majumba ya sinema, au siku chache tu baada ya kutoka.

Wengi hudhani kwamba jambo hili lilizaliwa mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na ugonjwa wa korona. Sivyo. Lina umri wa zaidi ya miaka 70, karibu sawa na umri wangu mimi, nami siku hizi naitwa babu hata na watu wenye mvi. Katika miaka hiyo limejaribiwa, limeshindwa, limepigiwa kura, limepelekwa mahakamani, na likafufuka. Jambo lenye maisha ya namna hiyo linastahili historia yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Nilipofundisha historia niliwazoeza wanafunzi wangu kuuliza maswali matatu mbele ya kila jambo: Nani alilipa? Nani alipokea? Na nani hakuulizwa? Maswali hayo yalitufaa katika habari za misafara ya pembe za ndovu, yakatufaa katika habari za kodi ya kichwa, na nimeona kwamba yanafaa pia kwa tiketi ya sinema.

Nianze na tiketi niliyoijua mwenyewe. Nilikulia Tanga, na katika miaka ya 1960 mji ule ulikuwa na majumba kadhaa ya sinema, mojawapo likiitwa Majestic. Viti vya mbele, karibu kabisa na pazia, vilikuwa vya bei nafuu, navyo ndivyo vyetu sisi watoto na makuli wa bandarini. Viti vya nyuma na vya roshani vilikuwa vya wenye nafasi. Shingo zetu ziliuma kwa kutazama juu, lakini tuliiona picha ileile, usiku uleule, tukacheka pamoja na wale wa roshani mahali palepale pa kuchekesha. Filamu za Kihindi kama *Awaara* na *Mother India* zilipendwa pwani yote, hata watu wasiojua neno moja la Kihindi waliimba nyimbo zake wakifua nguo.

Filamu mpya ilipofika, foleni ilizunguka jengo. Hapo ndipo walipotokea walanguzi, vijana waliowahi kununua tiketi nyingi na kuziuza tena kwa bei ya juu wakati dirisha limefungwa. Watu walilalamika, na watu walinunua. Kwa nini mtu mwenye akili alipe zaidi, na hali filamu ileile ingekuwapo siku chache baadaye kwa bei ya kawaida? Kwa sababu kesho yake asubuhi sokoni, bandarini na barazani pangekuwa na mazungumzo, na yeye hakutaka kukaa kimya kama mgeni. Mlanguzi aliuza nafasi ya kuwamo katika mazungumzo ya kesho. Naomba msomaji wangu aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, ambako wazo la kuuza filamu majumbani lilianza. Tarehe 1 Januari 1951, katika mji wa Chicago, kampuni ya Zenith iliyokuwa ikitengeneza redio na televisheni ilianza jaribio la siku 90. Mkuu wake, Eugene McDonald, aliamini kwamba matangazo ya biashara peke yake hayataweza kugharamia televisheni, na kwamba siku moja mtazamaji atapaswa kulipa mwenyewe. Zilichaguliwa familia 300. Kampuni ilirusha filamu hewani ikiwa imevurugwa, hata picha ikatikisika isitazamike. Familia iliyotaka kuona ilipiga simu, na kupitia waya uleule wa simu ikaletwa alama ya kuituliza picha. Gharama ilikuwa dola 1 kwa filamu, nayo iliongezwa kwenye hesabu ya mteja. Mtambo huo uliitwa Phonevision.

Mtambo ulifanya kazi. Kilichokosekana kilikuwa upya wenyewe. Filamu zilizotolewa kwa jaribio lile zilikuwa na umri wa miaka miwili au zaidi. Watengenezaji wa Hollywood waliogopa kuwaudhi wenye majumba ya sinema, ambao ndio waliokuwa wakiwalisha. Kwa hiyo familia za Chicago zilipewa mlango mpya wa kupitia, lakini nyuma ya mlango palikuwa na kiporo. Hata hivyo walipiga simu na kulipa, na wenye majumba ya sinema waliona wazi kwamba adui yao amezaliwa.

Hapana budi nieleze kwa nini kambi hizi mbili zilikuwa zimetengana. Hapo awali kampuni kubwa za Hollywood zilimiliki pia majumba ya sinema. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake kwamba mpango huo unaua ushindani, na baada ya hapo wakalazimika kuachana na majumba hayo. Tangu hapo mwenye kutengeneza na mwenye kuonyesha walikuwa kama mke na mume waliotalikiana ambao bado wanategemea shamba moja. Mtengenezaji alianza kujiuliza kama hakuna njia ya kumfikia mtazamaji bila kupita kwa mtalaka wake.

Paramount yenyewe haikungoja. Iliweka fedha katika mtambo mwingine ulioitwa Telemeter, uliokuwa na kisanduku cha kutumbukizia sarafu, kilichowekwa kando ya televisheni. Mwezi Novemba 1953, huko Palm Springs katika jimbo la California, filamu iitwayo *Forever Female* ilionyeshwa katika ukumbi wa mji na wakati huohuo katika nyumba zenye visanduku hivyo, kwa dola 1 na senti 35. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nyumba na ukumbi vilipokuwa sawa kwa saa. Jaribio halikudumu. Wenye sinema walilalamika, na mwaka 1954 likafa.

Mwaka 1957, katika mji mdogo wa Bartlesville, Oklahoma, wenye majumba ya sinema walijaribu hila ya kujiunga na yule wasiyeweza kumshinda. Kampuni yao ya Video Independent Theatres ilipeleka filamu majumbani kwa waya, ikatoza dola 9 na senti 50 kwa mwezi, watu watazame wakiangalia wasiangalie. Mwaka uliofuata walikunja jamvi. Watu hawakupenda kulipia mwezi mzima kwa filamu nne au tano wanazozitamani na nyingine nyingi wasizozitamani. Mwaka 1960 Telemeter ikajaribiwa tena huko Etobicoke, kitongoji cha Toronto nchini Kanada, ikadumu hadi 1965. Mjini Hartford, Connecticut, Zenith na wenzake waliendesha kituo cha kulipia tangu 1962 hadi 1969, nao hawakupata wateja wa kutosha.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha California mwaka 1964. Bwana mmoja aliyeitwa Sylvester Weaver, aliyepata kuwa mkuu wa shirika la televisheni la NBC, alianzisha huduma ya kulipia katika miji ya Los Angeles na San Francisco. Aliahidi michezo, tamthilia na filamu. Wenye majumba ya sinema walikimbilia kwa wapiga kura. Waliendesha kampeni kubwa wakisema wanatetea televisheni ya bure, wakakusanya saini, na mwezi Novemba 1964 swali likawekwa kwenye karatasi ya kura: je, televisheni ya kulipia ipigwe marufuku katika jimbo hili? Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo, ipigwe marufuku. Mwaka 1966 mahakama ya juu ya jimbo ilitengua sheria hiyo, ikisema kwamba inavunja uhuru wa kusema. Lakini kampuni ya Weaver ilikuwa imekwisha kufa. Haki ilifika msiba ukiwa umeanuliwa.

Hapa maswali yangu matatu yalipata mtihani. Siku zote nilikuwa nikiuliza nani hakuulizwa. California watu waliulizwa, tena kwa kura halali. Lakini nani alilitunga swali? Wale waliosema wanamtetea mnyonge asilipe nyumbani ndio haohao waliomtoza mlangoni mwa ukumbi. Mnyonge alitetewa na mwenye duka dhidi ya mwenye duka mwingine. Tangu niliposoma kisa hiki nimejifunza kuongeza swali la nne: Nani alilitunga swali?

Baada ya hapo biashara haikusimama, ilijipanga kama ngazi. Filamu ilianza juu kabisa katika ukumbi, kisha ikashuka kidogokidogo. Mwaka 1972 huduma ya HBO ilianza katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, ikiwa na wateja 365 tu, ikionyesha kwa malipo ya mwezi filamu zilizokwisha toka ukumbini. Mwaka 1975 Sony wakaleta mashine ya video ya Betamax, na mwaka 1976 JVC wakaleta VHS. Hollywood iliishtaki Sony, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba mtu ana haki ya kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye. Ajabu ni kwamba video waliyoiogopa ikaja kuwatajirisha. Ngazi ikawa na vipago vingi: ukumbi kwanza, kisha kanda, kisha televisheni ya kulipia, kisha televisheni ya bure. Mwenye haraka alilipa zaidi, mwenye subira alilipa kidogo au hakulipa kabisa.

Ngazi hiyo tuliijua na sisi, ingawa sisi tulikuwa kwenye kipago cha chini. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikwisha kuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini kanda za video zilitufikia katika miaka ya 1980, zikiletwa na jamaa waliotoka Dubai na Uarabuni. Aliyekuwa na mashine alipata wageni ghafla. Wengine walitoza kiingilio, na sebule ikawa ukumbi. Baadaye vikaja vibanda vya mitaani, ambavyo vijana wenyewe wakaviita vibanda umiza, kwa joto lake na mabenchi yake. Majumba ya sinema ya zamani yalikufa moja baada ya jingine, na yaliyobaki yakageuzwa maduka, maghala na nyumba za ibada.

Turudi kwenye hadithi. Karne mpya ilipoingia, watengenezaji walianza tena kuitamani ile fedha ya mwenye haraka. Mwezi Aprili 2011 kampuni ya DirecTV ilianza kukodisha filamu nyumbani siku 60 baada ya kutoka, kwa dola 29 na senti 99. Wateja hawakujitokeza. Siku 60 katika mambo ya filamu ni uzee. Mwaka huohuo kampuni ya Universal ilitangaza kwamba filamu yake *Tower Heist* itakodishwa wiki tatu tu baada ya kutoka, katika miji miwili, kwa dola 59 na senti 99. Wenye majumba ya sinema wakasema wazi kwamba wataikataa filamu hiyo, na Universal wakaufuta mpango kabla haujaanza.

Kwa matajiri wa kweli palikuwa na njia nyingine. Kampuni ya Prima Cinema iliuza mtambo wa dola 35,000, na kila filamu mpya ilikuwa dola 500. Mwenyewe alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine ili itambue alama zake kabla ya kumfungulia. Nilipoyasoma haya nilikumbuka viti vya roshani vya Tanga. Tajiri wa roshani alikaa juu yetu, lakini bado tulisikia kicheko chake. Tajiri huyu wa dola 35,000 alikuwa hasikiki kabisa.

Ndipo ukaja mwaka 2020. Kumbi zilifungwa karibu dunia nzima. Universal walikuwa na filamu ya katuni ya watoto, *Trolls World Tour*, iliyokwisha tangazwa kwa fedha nyingi. Badala ya kuihifadhi waliipeleka majumbani tarehe 10 Aprili, kwa dola 19 na senti 99, itazamwe ndani ya saa 48. Binti yangu anayeishi Marekani alinipigia simu wiki ile.

"Shikamoo Baba. Leo nimenunua sinema dola ishirini."

"Marahaba mwanangu. Dola ishirini? Umenunua sinema au umenunua jengo?"

Akacheka. "Nimenunua utulivu, Baba. Watoto wamefungiwa ndani mwezi mzima. Wameitazama mara tatu kwa siku mbili, hata baba yao anaimba."

Nilipoitafakari hesabu yake niliona ina maana. Tiketi moja ya sinema Marekani mwaka 2019 ilikuwa wastani wa dola 9 na ushee. Familia ya watu watano ingelipa zaidi ya dola 45 mlangoni, bila bisi wala soda. Kwao dola 20 ilikuwa nafuu. Lakini kwa mjane anayeishi peke yake, bei ileile ni zaidi ya maradufu ya tiketi. Bei ya ukumbini huhesabu vichwa, bei ya nyumbani huhesabu milango. Ndiyo maana ni vigumu kusema kwa neno moja kama ni ghali au rahisi. Kwanza uulize nyuma ya mlango wamo wangapi.

Nani alipokea? Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Katika ukumbi, mtengenezaji wa Marekani hupata karibu nusu ya bei ya tiketi, na nyingine hubaki kwa mwenye ukumbi. Katika kukodisha nyumbani hupata karibu asilimia 80. Basi filamu inaweza kuuza kidogo nyumbani na bado ikamlipa mtengenezaji sawasawa. Universal walipojisifu kwa mafanikio ya *Trolls*, kampuni ya AMC, yenye kumbi nyingi kuliko zote duniani, ilitangaza mwezi Aprili kwamba haitaonyesha tena filamu yoyote ya Universal. Ilipofika Julai 2020 walipatana. Universal wangeweza kupeleka filamu majumbani kwa bei ya juu baada ya siku 17 tu ukumbini, na AMC wangepata fungu lao katika mapato hayo. Siku 17 ni majuma matatu ya mwisho wa wiki. Desturi ya zamani ilikuwa kiasi cha siku 75 hadi 90.

Nani hakuulizwa? Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Disney walikuwa wameanza Septemba 2020 kuuza filamu ya *Mulan* nyumbani kwa dola 29 na senti 99, juu ya ada ya mwezi ambayo mteja alikwisha lipa. Tarehe 9 Julai 2021 wakatoa *Black Widow* ukumbini na nyumbani siku moja, kwa bei ileile. Wakatangaza kwamba katika siku zake za kwanza wamekusanya zaidi ya dola milioni 60 majumbani. Mwigizaji mkuu, Scarlett Johansson, alifungua mashtaka mwezi huohuo. Sehemu ya malipo yake ilitegemea mapato ya kumbi, na alidai kwamba aliahidiwa filamu itoke ukumbini peke yake. Mwezi Septemba walisuluhishwa nje ya mahakama. Kama nyota mwenye mawakili alihitaji kwenda mahakamani ili aulizwe, msomaji wangu anaweza kukadiria hali ya mkata tiketi, mfagiaji wa ukumbi na fundi wa mashine ya picha.

Kwetu huduma ile ya Disney haikuwapo miaka hiyo, kwa hiyo hata aliyekuwa na dola 30 hakuwa na mahali pa kuzilipa. Lakini filamu zenyewe zilifika. Filamu ikishafika majumbani, nakala safi huibwa mara moja, si kama zamani mwizi alipojificha ukumbini na kamera inayotikisika. Vijana wa vibanda vya mitaani huijaza filamu katika flashi, na msimulizi huweka sauti yake ya Kiswahili juu ya Kiingereza, akitania na kuongeza chumvi. Sisifu wizi. Nasema tu kwamba bei ikiwekwa pasipo mlango wa kuingilia, watu hupita dirishani, na hilo ni kweli kwa sinema kama ilivyokuwa kweli kwa sukari ya magendo.

Baada ya mvua huja jua. Kumbi zilifunguliwa, na Disney walitangaza Septemba 2021 kwamba filamu zao zilizobaki mwaka ule zitaanzia ukumbini peke yake. Mwaka 2022 *Top Gun: Maverick*, iliyokuwa imewekwa akiba ikingoja kumbi, ilikusanya karibu dola bilioni 1.5 duniani. Kukodisha nyumbani kwa bei ya juu hakukufa. Siku hizi ni kipago cha kawaida cha ngazi, wiki chache baada ya ukumbi. Vita viliisha kwa mapatano ambayo kila upande unanung'unika, na hayo kwa kawaida ndiyo mapatano yanayodumu.

Sasa turudi kwa yule mlanguzi wa Tanga niliyekuomba umweke moyoni. Nikizitazama habari hizi za miaka 70, naona jambo moja linajirudia. Chicago palikuwa na nyumba bila upya, watu wakapewa kiporo. Mwaka 2011 palikuwa na bei kubwa juu ya upya uliokwisha chacha, watu wakakataa. Mwaka 2020 watu walilipa, kwa sababu hapakuwa na ukumbi popote, na nyumba ilikuwa ndiyo dunia yote. Watu hawalipi ziada kwa ajili ya filamu, maana filamu itakuwa ileile baada ya miezi sita kwa bei ya nyanya. Wanalipa kwa sababu filamu hiyo inazungumzwa. Na kinachoifanya izungumzwe ni umati ulioiona pamoja. Ukumbi ndio unaoupa upya bei yake. Nyumba hula matunda ya mti ule uliopandwa ukumbini.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba nyumba itaua ukumbi na kuurithi wanasahau kitu. Siku ukumbi wa mwisho utakapofungwa, kila mtu ataona filamu yake, katika chumba chake, kwa saa yake. Hapatakuwa na wa kwanza wala wa mwisho kuiona. Na pasipo na wa kwanza, nani atalipa ili awe wa kwanza? Muuzaji wa upya atakuwa ameukata mti ili achume tunda.

Nisieleweke kwamba naudharau utazamaji wa nyumbani. Magoti yangu hayapendi tena ngazi, na saa tatu za usiku hunikuta nasinzia. Pia tusizipake rangi nzuri kupita kiasi kumbi za zamani. Kulikuwa na wanawake wengi wa pwani ambao hawakuweza kwenda ila katika maonyesho yaliyotengwa kwa ajili yao, na wengine hawakuruhusiwa hata hayo. Mama anayenyonyesha, mgonjwa, mtu asiyeweza kutembea, wote hao walikuwa miongoni mwa wasioulizwa. Kwao filamu iliyofika nyumbani ni haki iliyochelewa, na bei nafuu ingekuwa haki zaidi.

Ninachokitetea ni mpangilio wa ngazi. Naona ni afadhali filamu ianze mahali ambapo watu wengi, wasiofahamiana, wameketi gizani pamoja, hata kama ni wiki tatu tu. Kisha na ishuke majumbani, iwalipe waliofanya kazi, wakiwemo wale wasio na mawakili. Sisi wa miji iliyopoteza majumba yake ya sinema tunaijua hasara hii kuliko wanaoijadili kwa mahesabu. Vijana wetu wanaona filamu nyingi kuliko tulizoziona sisi, nyingine siku ya pili tu baada ya kutoka. Lakini ukimuuliza mmoja wao aliiona na nani, mara nyingi jibu ni kwamba aliiona peke yake katika simu, na hajampata mwingine aliyeiona. Amekuwa wa kwanza mtaani kwake, naye hana wa kumsimulia.